Mlango wa London, mlango wa Landau

Mtu ana shahada ya fizikia yenye GPA ya 2.9. Mekanika aliifaulu kwa sapu, umeme na sumaku aliponea chupuchupu, na sasa anafundisha sekondari huku kwantumu ikiendelea kumnyima usingizi. Aombe uzamili au aachane nao? Jibu atakalopewa linategemea sana mlango anaobisha.

Ulio karibu naye ulichongwa London. Chuo cha Dar es Salaam kilizaliwa 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, na Makerere ilikwisha kufungamana na London tangu 1949. Ndiyo maana hadi leo tunawapanga wahitimu kwa madaraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, kisha pasi. Daraja hilo ni kama kovu la chanjo begani, halifutiki. Huyu wetu yumo daraja la pili la chini, linaloanzia 2.7, na zipo idara zitakazompokea. Shida inakuja baadaye. Matangazo ya kazi za uhadhiri katika vyuo vya umma Tanzania huitazama GPA ya shahada ya kwanza, na mara nyingi hutaka 3.8, hata mwombaji awe na uzamili mzuri namna gani. Anayesoma ili awe mhadhiri nyumbani alijue hilo kabla hajauza shamba.

Katika Umoja wa Kisovieti, mwanafizikia Lev Landau, mzaliwa wa Baku, alishika njia nyingine. Alianza Kharkiv miaka ya 1930, akaendelea Moscow. Kwa waliotaka kuwa wanafunzi wake aliweka msururu wa mitihani: hisabati kwanza, halafu mekanika, kwantumu, fizikia takwimu na mengineyo. Cheti hakukiuliza. Kijana alipiga simu, akasema anataka kufanya mtihani, akapangiwa siku ya kwenda nyumbani kwake. Vitabu viliachwa nje ya chumba. Alipewa integrali ya kutafuta au mlinganyo wa kutatua, akaachwa peke yake. Kila baada ya dakika kumi na tano au ishirini Landau aliingia, akachungulia karatasi juu ya bega la mtahiniwa. Akitoka kimya, mambo ni mazuri. Akiguna, hesabu imekwenda upogo.

Aliyelelewa katika darsa za Lamu au Unguja hataushangaa utaratibu huu. Sheikh hamwulizi mwanafunzi alipata ngapi kwingine. Humwambia asome kitabu kilicho mbele yake, akikimaliza vizuri ahamie kingine, na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, hutolewa na yule aliyemsikia akisoma. Ila sheikh atamvumilia anayejikwaa hata mwaka mzima, na subira hiyo Landau hakuwa nayo. Kuanzia 1933 hadi 1961, waliomaliza mitihani yote walikuwa 43, kwa orodha aliyoitunza mwenyewe. Mimi naupenda mlango huu, lakini tusiupambe. Haukujengwa kwa ajili ya wanyonge. Ulikataa tu kuwahukumu kabla ya kuwaona.

Wamarekani wamechanganya yote mawili. Wanatazama transkripti, kisha aliyeingia anakaa darasani mwaka mmoja au miwili, na katika idara nyingi anakutana na mtihani wa kufuzu kabla ya kuachiwa utafiti. Kwa aliyetoka na msingi mbovu, hapo ndipo deni linapodaiwa, akiwa ameshahama nchi. Jaribio lao ninaloliheshimu ni la Nashville. Chuo cha Fisk, kilichofunguliwa 1866 kuwasomesha Weusi waliotoka utumwani, tangu 2004 kimeshirikiana na Vanderbilt: mwanafunzi anasoma uzamili Fisk, anafanya utafiti na maprofesa wa vyuo vyote viwili, kisha anavuka kwenda uzamivu. Pengo lake halifichwi, linapewa muda na msimamizi.

Mlango mwingine uliachwa na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, ambaye mwenyewe hakuwahi kuwa mwanafunzi dhaifu. Lakini aliporudi Lahore 1951 akitoka Cambridge, alijikuta hana wa kuzungumza naye fizikia, na miaka michache baadaye akaondoka tena. Kituo cha fizikia alichokianzisha Trieste, Italia, mwaka 1964 kilitokana na upweke huo. Tangu 1991 kinatoa stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea wanaotaka kufika uzamivu, na mwaka 2018 kituo mshirika kilifunguliwa Kigali. Salam anatulazimisha tuulize kama udhaifu ni wa mtu au wa mahali. Wako Watanzania wengi waliofanya mtihani wa sekondari wa vitendo kwa kalamu tu: pendulumu imechorwa, vipimo vimeandikwa, wewe tafuta g. Mtu huyo akitetereka katika maabara ya chuo kikuu, alama yake haisemi mengi juu ya akili yake. Aliyekuwa na maabara, mwalimu na muda, akaikwepa kalikulasi miaka yote mitatu, huyo transkripti inamsema kweli.

Kwa hiyo mwenye 2.9 ajipe mtihani wa Landau kabla ya kubisha London. Achukue ile ile mekanika iliyompa sapu, afunge mlango, atafute mwendo wa pendulumu mbili zilizounganishwa kwa springi bila kuchungulia jibu. Afanye hivyo jioni kwa jioni, miezi kadhaa, sura kwa sura. Akikwama leo na kesho akarudi mezani kwa hiari yake, aombe Kigali, aombe na Trieste. Akigundua kwamba kinachomvuta ni habari za kwantumu na wala si hesabu zake, asitumie ada ya miaka miwili kulithibitisha jambo ambalo daftari limeshamwambia.