Utabiri wa Uenezi wa Maradhi ya Muhogo

Mkulima wa Jego, katika ardhi ile ya Kwale inayopakana na Tanzania, aweza kuwa na konde la muhogo lenye majani yasiyomtia shaka, kisha siku ya kuchimba akaukata muhogo na kuukuta umeoza ndani kwa mabaka makavu ya rangi ya kahawia. Maradhi hayo, yaitwayo michirizi ya kahawia, yalielezwa na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mnamo mwaka 1936. Nayo ndiyo yaliyonishughulisha na maneno mawili, kielelezo na utabiri.

Kielelezo, katika ilimu hii, ni hesabu inayofuatisha mwendo wa maradhi: mashina mangapi ni mazima, mangapi yameambukizwa, nzi weupe wanaoyaeneza wamezidi kiasi gani, na mbegu iliyopandwa imetoka wapi. Wako wasemao modeli, wala siwalaumu. Ila kielelezo, kwa kuwa chatokana na kueleza, chamdai mtaalamu amfahamishe mwenye shamba.

Utabiri ndilo neno lenye hoja. Baadhi ya watu hupendelea ubashiri, nami silikubali, kwani bishara kwa asili ni habari ya heri, na konde lililooza halina heri. Makadirio yatosha panapotakiwa kiasi tu. Batobato, maradhi mengine ya muhogo, ilipovuka Uganda tangu miaka ya mwisho ya 1980, ikisonga yapata kilomita 20 hadi 30 kila mwaka, kijiji kilicho kilomita 100 mbele yake kilikuwa na miaka baina ya mitatu na mitano ya kutafuta mbegu stahimilivu. Hayo ni makadirio, tena yenye manufaa makubwa. Lakini neno tabiri, ambalo kwa Kiarabu hutumika kwa kufasiri ndoto, lachukua zaidi ya kipimo: ni kuzisoma dalili zilizo dhahiri hata kuifikia maana iliyofichika, na hakuna maradhi yaliyofichika kuliko haya yanayokaa chini ya udongo ilhali majani yanapendeza.

Tena nzi mweupe hawezi kuyafikisha mbali, maana virusi vya michirizi havidumu naye zaidi ya siku moja au mbili. Mwenye kuyasafirisha ni mwanadamu, afungaye mzigo wa vipando akampelekea nduguye ng'ambo ya mpaka, kwa ihsani na nia safi, asijue alichokibeba. Kielelezo kinachohesabu nzi na upepo, kikaiacha njia ya vipando hivyo, kitawapoteza watu wa Jego, hata hesabu yake iwe haina kosa. Na njia hiyo haionekani angani wala katika ramani, bali imo katika kumbukumbu za wenye makonde. Basi mtaalamu ajaye na daftari lake, kabla hajahesabu shina hata moja, na aketi barazani aulize: mbegu hii ulipewa na nani, nawe umempa nani?