Surua na uvimbe wa mtoto wa Uganda (sehemu ya 4)

Mama zangu wa Tunduma, mmeniuliza: eti kuna virusi vinatibu saratani ya tezi dume? Turudi nyuma kidogo, kwa majirani zetu Uganda. Mwaka 1971 madaktari Bluming na Ziegler waliandika habari za mtoto wa miaka 8 mwenye saratani ya Burkitt kwenye jicho. Kabla hajaanza dawa akapata surua, na uvimbe ukanywea! Leo watafiti wanarekebisha virusi maabara, cha surua kikiwemo, ili vishambulie seli za saratani. Kwa tezi dume bado ni majaribio, hivyo babu akisumbuka kukojoa aje hospitali apimwe. Na surua ya mtaani si dawa jamani, inaua watoto. Chanjo ni miezi 9, halafu 18.