Mapigo Huhesabika, Mishipa Je?

Wako wengi mjini ambao wakishapimwa mapigo na kuambiwa ni ya kawaida, hurudi nyumbani wakiamini moyo ni mzima. Historia ya utabibu haiwaungi mkono.

Binadamu ameuhesabu moyo kwa karne nyingi bila ya kuuona. Herophilus, tabibu wa Alexandria kule Misri, alipima mapigo kwa saa ya maji zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mwaka 1707 Mwingereza John Floyer alitoa kitabu kuhusu saa iliyotembea dakika moja kamili, ili daktari ashike mkono wa mgonjwa na kuhesabu. Leo mtu mzima aliyepumzika huambiwa yu salama akiwa kati ya mapigo 60 na 100.

Lakini ipo mishipa inayoulisha msuli wa moyo wenyewe, yaani mishipa ya koronari. Hiyo inaweza kujaa mafuta na chokaa huku mapigo yakisoma 70 bila wasiwasi.

Safari ya kuiona ilianza kwa ukaidi. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alikatazwa na mkubwa wake kujaribu kuingiza mpira moyoni mwa mtu. Muuguzi mmoja akajitolea kufanyiwa yeye. Forssmann akamfunga mezani kana kwamba amekubali, kisha akajichanja mkono wake mwenyewe na kusukuma mpira wa kutolea mkojo, sentimita 65, ndani ya mshipa. Akateremka kwa miguu hadi chumba cha eksirei. Ncha ilikuwa moyoni! Malipo yake ya kwanza yalikuwa dharau. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1956, pamoja na Cournand na Richards wa Marekani.

Mishipa yenyewe ilionekana kwa ajali. Oktoba 1958, mjini Cleveland, Marekani, mpira wa daktari Mason Sones uliteleza ukaingia katika mshipa wa koronari wa kulia, na dawa ya kupigia picha ikamiminika humo. Madaktari wa siku zile waliamini kosa kama hilo ni kifo. Moyo ukasimama kwa sekunde kadhaa. Sones akampigia kelele mgonjwa, kijana wa miaka 26, akohoe. Akakohoa, moyo ukaendelea. Miaka tisa baadaye, katika hospitali hiyo hiyo, René Favaloro wa Argentina alianza kupandikiza mishipa ya kuzunguka palipoziba.

Siku hizi zipo mashine za eksirei zinazoongozwa na kompyuta, na hapo ndipo mapigo yanaporudi katika habari yetu. Moyo unaokwenda mbio hutoa picha iliyotibuka. Kwa hiyo mgonjwa mara nyingi hupewa kwanza dawa ya kupunguza kasi, ya jamii iliyobuniwa na Mskoti James Black katika miaka ya 1960, mpaka mapigo yafike 60 hivi.

Ni kweli, uchunguzi wa watu wengi umeonyesha kwamba wenye mapigo ya kasi wakiwa wamepumzika hupatwa zaidi na maradhi ya moyo. Hiyo ni habari ya kundi. Aliyelala ndani ya mashine, mapigo yake 60, akiwa ameambiwa abane pumzi, daktari wake bado hajui picha itatoka na mishipa safi au iliyoziba.