Kitovu Kisichotaka Kung'oka

Aghalabu historia ya gari huandikwa kwa hesabu ya mwendo na nguvu za injini: nani alitangulia, nani alishinda, nani alitajirika. Mahali padogo panapofichwa na kifuniko cha gurudumu hapatajwi. Ilhali ni hapo, kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, au habu kama wasemavyo mafundi, ndipo ilipowekwa amana ya roho za abiria. Makala haya yanakitazama kitovu hicho katika gari moja mashuhuri, Ford Model T, na kuuliza ukaidi wake una maana gani.

Gari hilo lilianza kuundwa Detroit, Marekani, mwaka 1908, na uundaji wake ukakoma Mei 1927 baada ya kutoka magari yapatayo milioni 15. Lilipoanza liliuzwa kwa dola 850; katikati ya miaka ya 1920 aina yake ya bei nafuu ilishuka hadi dola 260. Siri ilikuwa katika kiwanda cha Highland Park, ambako mwaka 1913 gari lilianza kupitishwa mbele ya wafanyakazi, badala ya wafanyakazi kulizunguka gari. Chasisi iliyohitaji zaidi ya saa 12 ikafungwa kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Nchi za himaya ya Kiingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe, zilitengewa kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa Walkerville mwaka 1904. Gari la namna hiyo, la kwenda kwa wakulima na katika njia za vumbi, lilitakiwa lifungwe upesi kiwandani na lifungulike kijijini mbali na karakana.

Magurudumu ya mbele yalizunguka yenyewe juu ya beringi, na kuyavua hakukuwa na mashaka. Ya nyuma ndiyo yaliyosukuma gari, kwa hiyo yalipaswa kuwa kitu kimoja na shafti. Ncha ya shafti ilichongwa ikawa nyembamba kuelekea nje, na kitovu kikatobolewa tundu la umbo lilo hilo. Nati ilipokazwa, kitovu kilipanda juu ya shafti kikabana. Kijipande cha chuma, kii, kililala katika mfereji baina yao, na pini yenye miguu miwili ikaizuia nati isilegee. Msomaji aliyewahi kuona seremala akitia kabari atalitambua jambo hili mara moja: ni kabari, ila ya mviringo. Mafundi wa Marekani walikwisha kuizoea tangu miaka ya 1860, Stephen Morse wa Massachusetts alipoitumia kushikia keekee za kutobolea chuma. Kinachoshika hasa si kii. Ni msuguano wa chuma na chuma.

Kwa nini basi mbano huo uwe mkali kiasi hicho? Breki ya mguu ya Model T haikuwa kwenye magurudumu. Ilikaa mbele, ndani ya giaboksi, na nguvu yake ilipita katika shafti ndefu na difu kabla ya kufika nyuma. Nati ikilegea, kitovu hucheza, mfereji hulika, na mwisho kii hukatika. Hapo gari halipotezi mwendo tu. Difu huuacha upande uliokatika uzunguke bure, na dereva akikanyaga breki hakuna kinachoshikwa. Hubaki mkono wa breki pekee, ambao hubana madramu ya magurudumu yenyewe. Aliye kwenye mteremko na watoto nyuma yake ataelewa kwamba kitovu kikaidi si adui; mlegevu ndiye adui.

Lakini miaka inapopita, juu ya mbano wa fundi huongezeka kutu, na anayetaka kulihifadhi gari la kale hukuta vitu viwili vimeungana kana kwamba vilizaliwa pamoja. Hapo pupa huua. Moto hupanua chuma, ni kweli, lakini spoki za magurudumu mengi ya gari hilo ni za mti, nazo huungua. Mtaimbo ukitiwa nyuma ya gurudumu huzivunja spoki hizo hizo. Nyundo nzito juu ya ncha ya shafti hupeleka kishindo hadi ndani ya difu, ambako magari mengi yalitiwa washa za madini meupe laini, ambazo uzee huzifanya ziwe rahisi kupasuka. Zikipasuka, meno huachana, na yule aliyetaka kuokoa gurudumu amelipoteza gari.

Njia ya salama ni ya polepole. Magurudumu ya mbele huzuiwa kwa vigingi, mkono wa breki huachiwa, kifuniko hufunguliwa na pini hutolewa. Nati hulegezwa mizunguko michache tu, wala haiondolewi, ili kitovu kikichomoka ghafla kisimrukie mtu. Kisha mahali pa kifuniko hufungwa pula, kifaa chenye hesi za kulingana na kitovu na bolti katikati inayosukuma ncha ya shafti. Bolti hukazwa, mafuta ya kulegeza kutu hutiwa, na kazi huachwa. Kesho hukazwa tena kidogo. Wengine huacha siku kadhaa, wakaja kukuta kimekwisha kuachia chenyewe. Subira ni ufunguo wa faraja, na hapa msemo huo haukuzidisha.

Ford aliendelea na ncha nyembamba katika magari yake hadi ya mwaka 1948. Katika toleo la 1949 shafti na bamba la kufungia gurudumu vikawa kitu kimoja, na tangu hapo hapakuwa tena na kitovu cha kung'oa kwenye ncha nyembamba. Kazi imepungua, na elimu ya kabari ya mviringo imebaki kwa wachache wanaotunza magari ya kale.

Wachache hao wana jaribio la mwisho. Wakati wa kurudisha kitovu, dole la grisi juu ya shafti lingemrahisishia atakayekuja kukivua. Fundi mwaminifu hufanya kinyume: hufuta pande zote mbili zikakauka, hutia kii kipya, hukaza nati kwa nguvu zake zote, na baada ya safari chache hurudi kuikaza tena. Anajua kwamba anamwachia mwenzake taabu ile ile aliyoipata yeye, na ndivyo inavyopasa.