Niemba ndani ya vitabu: nani aliandikwa, nani aliachwa

NIEMBA, Kalemie – Niemba ni kituo kidogo cha reli, karibu kilomita 100 magharibi mwa mji wa Kalemie, kwenye njia ya kwenda Nyunzu na Kabalo. Hata hivyo jina la Niemba limechapwa katika vitabu vinavyosomwa mbali sana, hasa nchini Ireland, kule Ulaya. Huko wako wazee ambao hawajawahi kukanyaga Kongo, lakini ukiwatajia Niemba wanajua unazungumzia nini.

Sababu ni siku moja tu. Tarehe 8 Novemba 1960 askari 11 wa Ireland, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, walitoka kambini Niemba kuelekea kusini. Walikuwa wa batalyoni ya 33, na mkuu wao alikuwa Luteni Kevin Gleeson. Kazi yao ilikuwa kuondoa vizuizi barabarani. Walipofika mto Luweyeye wakakuta daraja limebomolewa, na wapiganaji wa Baluba wakatokea porini na pinde na mishale. Waliosalimika walisimulia kwamba Gleeson aliwatolea salamu ya Kiswahili: Jambo. Haikuitikiwa. Askari 9 waliuawa, wawili wakabaki hai.

Kwa nini salamu ile haikuitikiwa? Hapa ndipo vitabu vingi vinakwenda mbio. Miezi minne kabla, tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Baluba wa kaskazini, wengi wao wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa. Gendarmerie ya Katanga, iliyoongozwa na maofisa wa Kibelgiji, ikaingia kaskazini na vijiji vikachomwa. Kwa hiyo watu waliokaa porini kandokando ya Luweyeye walikuwa wameshajifunza jambo moja: Mzungu mwenye bunduki na gari ni adui. Wangejuaje kwamba huyu ametumwa na Umoja wa Mataifa?

Mwaka 1966 mwandishi Tom McCaughren alitoa kitabu The Peacemakers of Niemba. Mwaka 2005 kikatoka kingine, kilichohaririwa na David O'Donoghue, juu ya jeshi la Ireland katika Kongo kuanzia 1960 hadi 1964. Katika habari hizo kila askari aliyekufa ana jina lake na cheo chake. Maziko yao Dublin, katika makaburi ya Glasnevin, yalitazamwa na mamia ya maelfu ya watu barabarani. Askari Anthony Browne alipewa nishani ya juu ya ushujaa. Kwa muda ilisadikiwa kwamba alikufa palepale darajani. Mwili wake ulipopatikana mwaka 1962, mbali na mahali pa vita, habari ikabidi isemwe upya. Ndivyo nchi inavyofanya kwa mtu wake mmoja: inarudi, inauliza, inasahihisha.

Na Baluba? Inasemwa kwamba kama 25 kati yao waliuawa siku ile. Hesabu hiyo haifuatwi na jina hata moja. Kule Ireland, jina Baluba liliingia mitaani kama tusi la kumwita mtu mshenzi, na likadumu kwa miaka. Watoto waliolitumia hawakujua kwamba ni jina la watu wenye watemi wao, mashairi yao na makaburi yao.

Si haki kumlaumu mwandishi wa Dublin peke yake. Yeye aliandikia akina mama waliopoteza wana wao, na hao walistahili kuandikiwa. Lakini akina mama wa upande huu wa daraja nao walikuwapo.

Jambo hili lilianza zamani, na lilianza na mto. Mto Niemba humwaga maji yake katika Lukuga, na Lukuga ndio mlango pekee wa maji kutoka Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Mei 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mahali Lukuga inapotoka ziwani, akakuta mchanga na majani yameziba sehemu kubwa, lakini maji yanakwenda magharibi. Stanley akaja 1876 akabisha. Mwaka 1879 Edward Hore, kisha Joseph Thomson, wakaona mkondo wenye nguvu. Mabingwa wa jiografia wa Ulaya walibishana miaka kadhaa, na vitabu vikauzwa. Kumbe Cameron mwenyewe alikwisha kuandika kwamba mkuu wa mahali pale alimwambia watu wake hufuata mto huo zaidi ya mwezi mzima hadi unapoingia Lualaba. Jibu lilikuwa ukurasa uleule. Lilitolewa na mwenyeji, likahesabiwa kuwa uvumi.

Sayansi hiyo si ya watu wa zamani tu. Ziwa lilipanda hadi karibu mwaka 1878, kisha kizuizi cha Lukuga kikavunjika na maji yakashuka kama mita 10 katika miaka 15 hivi. Maana yake, sehemu za chini za ufuko zinazokaliwa leo na watu zilikuwa chini ya ziwa wakati wa babu wa babu zetu. Kalemie ilipofurika miaka hii ya karibuni, wengi waliona ni ajabu mpya. Ziwa lilikuwa linarudi kwake.

Wako wenyeji walioshika kalamu. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu katika jimbo hili hili, alisoma kwa mapadre wa Mpala na Kirungu. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalianza kuchapwa katika gazeti la Kibelgiji kwa Kifaransa, na mwaka 1917 akawa padre wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Aliandika pia historia ya watu wake. Ni jambo la kushangaza kwamba wanafunzi wengi wa Kalemie humjua kama jina la shule au la mtaa tu, kama wanamjua.

Lakini kitabu kinachowahusu zaidi watu wa kawaida kilitoka kwa wapishi na mabois. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa historia ya mji wao. Aliyeikusanya ni André Yav. Ilikuwa na kurasa 33 za mashine ya taipu, kwa Kiswahili cha Katanga, ingawa jina lake lilikuwa la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hawa ndio watu waliokuwa wakiambiwa "leta maji", "funga mlango", "pika haraka". Vitabu vya Kiswahili walivyopewa Wabelgiji wa Katanga vilijaa amri za namna hiyo. Sasa Kiswahili kilekile cha kuamrishwa wakakigeuza kuwa cha kusimulia: habari za Msiri, za Wazungu wa kwanza, za kampuni ya migodi, na majina ya utani waliyowapa mabwana. Mpishi husikia mengi. Anasimama nyuma ya mlango na sahani mkononi, na wanaokula husahau kwamba ana masikio.

Mtaalamu Johannes Fabian alikichapa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwanzoni maandishi yalimshinda: maneno yameungana, vituo havipo, tahajia ni ya sikio. Ikabidi Kalundi Mango, mwenyeji wa Katanga, akisome kwa sauti. Kiliposikika, kikaeleweka. Wengine waliona hiyo ni dosari ya kitabu. Kwa watu wanaopata habari zao kwa redio, hiyo ndiyo sifa yake.

Tukirudi Niemba ya leo, vita vya Batwa na Baluba vilivyochachamaa tena kuanzia mwaka 2016 viliwatoa makwao zaidi ya nusu milioni ya watu katika jimbo la Tanganyika. Vijiji vilichomwa kwa pande zote mbili. Shule nazo zilichomwa, na daftari, rejista na vitabu vichache vilivyokuwamo vikaungua nazo. Familia zilizokimbilia Katanika, Kalunga na kambi nyingine za Kalemie ziliandikwa katika karatasi nyingi: idadi ya watu wa nyumba, umri, turubai, sufuria. Ripoti zipo kwa wingi. Ni hesabu ya namna ileile ya watu 25 wa Luweyeye.

Ambacho karatasi hizo hazikuuliza ni kikubwa. Kijiji kiliitwa nani kabla ya jina la sasa? Nani aligawa shamba, na mpaka ulikuwa mti gani? Batwa na Baluba walibadilishana nini sokoni kabla ya kuchinjana? Maswali hayo si ya hadithi za jioni tu. Familia inaporudi na kukuta mwingine analima, mzee anayekumbuka mpaka ndiye ushahidi pekee.

Hata jikoni kuna maarifa ya kuandikwa. Mihogo michungu inahitaji kulowekwa siku tatu au zaidi ndipo sumu yake itoke. Njaa na kukimbia hufupisha siku hizo, na matokeo yake ni ugonjwa wa kupooza miguu unaoitwa konzo. Vitabu vya udaktari vinamtaja Giovanni Trolli, aliyeueleza mwaka 1938 baada ya kuuona Kwango. Lakini konzo ni neno la Kiyaka, neno la wagonjwa wenyewe, waliokwisha kuupa ugonjwa jina kabla ya daktari kufungua daftari. Mama anayemfundisha binti yake kambini kwamba muhogo huu bado, uache mpaka kesho, anafundisha sayansi hiyo bila kitabu.

André Yav na wenzake hawakungoja mchapishaji. Walikuwa na mashine ya taipu, karatasi, na wazee walio hai. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1960 sasa wamepita miaka sitini na mitano, na baadhi yao wako katika makambi ya Kalemie, mbali na Luweyeye. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuanza nao: jina la kijiji, jina la mkuu, majina ya waliokufa.

Maandishi ya Yav yenyewe yaliwekwa kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, bila malipo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Anayeyafungua asome kwa sauti, polepole, na mtu mwingine akisikiliza.