Kupotea kwa Ndege ya Majini Karibu na Mafia, 1914

Miongoni mwa visiwa vidogo vya bahari ya Mafia kimo kimoja kiitwacho Nyororo. Katika taarifa za vita za Kiingereza jina hilo huandikwa Niororo, na msomaji asiyejua matamshi ya Kiswahili aweza kudhani kuwa ni mahali pawili mbalimbali. Kisiwani humo Waingereza walifanya kituo cha ndege mwezi wa Novemba 1914.

Sababu yake ilikuwa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Kiingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Mikoko iliisitiri, na uchache wa maji uliwazuia adui wenye meli kubwa kuifuata. Basi ilibidi itafutwe kutoka angani.

Kazi hiyo alipewa H. Dennis Cutler, rubani raia aliyepatikana Durban, akatiwa katika jeshi la majini. Ndege yake ilikuwa Curtiss yenye tumbo la mashua, nayo ililetwa na meli Kinfauns Castle. Aliporuka mara ya kwanza alipotelewa na njia mawinguni, akashuka Okuza, kisiwa kisicho na wakazi kusini ya Mafia. Huko alitafutwa hata akaonekana. Radieta ya ndege iliharibika, na badala yake ikaletwa kutoka Mombasa radieta ya motokaa ya Ford. Siku chache baadaye Cutler aliiona Königsberg. Lakini mwezi wa Desemba injini ilizimika, akashuka ndani ya delta, akatekwa. Wenzake waliingia mtoni kwa mashua huku wakipigwa risasi, wakaikokota ndege hata baharini. Chombo kikaokolewa, mtu akabaki.

Ndege za Sopwith zilizofuata mwaka 1915 nazo hazikufaa, kwa kuwa joto lililegeza gundi ya mbao zake, nazo hazikuweza kuinua mzigo. Hatimaye zilitumiwa ndege za magurudumu kutoka kisiwa cha Mafia, kilichotwaliwa na Waingereza mwezi wa Januari 1915. Hizo ndizo zilizoongoza mizinga ya Severn na Mersey tarehe 6 na 11 Julai, na katika siku ya pili Königsberg ikaangamia.

Katika Kiswahili, kupotea ni kukosa njia, tena ni kutoweka. Cutler aliipata maana ya kwanza Okuza, na maana ya pili nusura aipate Rufiji. Hata hivyo, mahali alipopotea yeye hapakuwa pamepotea. Mabaharia wa Mafia na Kilwa walikuwa na jina la kila kisiwa na la kila fungu, na majina hayo ndiyo yaliyoingia, kwa tahajia za kigeni, katika ramani na taarifa za vita. Kwa hiyo mwenye kuichunguza habari hii hana budi kuyarudisha majina katika matamshi yake kwanza, ndipo atakapojua ni bahari gani inayosemwa.