Magari Yaliyofukuzwa Barabarani

Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 1896, katika hoteli moja jijini London, Earl wa Winchilsea alichana bendera nyekundu mbele ya wageni waliokuwa wakipata kifungua kinywa. Muda mfupi baadaye msafara wa magari ukaondoka kwa moshi na kelele kuelekea Brighton, mji wa pwani ulio umbali wa kilomita 87 hivi. Baadhi yake hayakufika. Bendera ile haikuchaguliwa bure. Sheria ya mwaka 1865 ilitaka chombo chochote kinachojiendesha barabarani kitanguliwe na mtu wa kwenda kwa miguu, bendera nyekundu mkononi, na kisizidi kilomita 6 kwa saa. Sharti la bendera lilikuwa limelegezwa miaka mingi kabla ya siku hiyo, lakini fedheha yake ilikuwa haijasahaulika. Sasa sheria mpya ilikuwa imeanza kutumika, ikiruhusu mwendo wa kiasi cha mara tatu ya ule wa zamani, na wenye magari walijitokeza barabarani kushangilia.

Kwa hiyo hata gwaride hili la mwanzoni kabisa lilihusu sheria ya barabara kuliko lilivyohusu uzuri wa magari. Nimeanzia hapo makusudi, kwa kuwa anayehudhuria maonyesho ya magari ya zamani leo, akaona wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya magari yanayong'aa kama vyombo vya harusi, anaweza kudhani mchezo huu ulizaliwa mpole. Haukuzaliwa hivyo. Sehemu kubwa ya magari yanayopewa vikombe siku hizi ni uzao wa magari yaliyokuwa yakikimbizwa na polisi.

Upande wa matajiri ulikuwa na historia yake tulivu. Waungwana wa Ufaransa waliokuwa wakipitisha magari yao ya farasi bustanini ili watazamwe waliingiza desturi hiyohiyo kwenye magari ya injini. Mwaka 1929 yakaanza mashindano ya urembo wa magari huko Villa d'Este, kando ya Ziwa Como nchini Italia, na mwaka 1950 yakafuata ya Pebble Beach, California, ambayo hapo mwanzo yalikuwa kiburudisho tu cha pembeni mwa mbio za magari. Mbio zenyewe zilikomeshwa pale baada ya dereva Ernie McAfee kufa mwaka 1956. Nyasi na vikombe vikabaki. Ni maonyesho mazuri, sina ugomvi nayo, ila gari ambalo mwenyewe hathubutu kulitoa mvuani huchosha kutazamwa.

Nguvu ya mambo ilikuwa kwingine. Kaskazini mashariki mwa Los Angeles kuna maziwa yaliyokauka, udongo wake mgumu na tambarare kama sakafu, na miaka ya 1930 vijana wasio na fedha walikuwa wakienda huko kujaribu mwendo. Mwaka 1932 Ford alitoa injini ya V8 ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua, yenye nguvu za farasi 65. Miaka michache tu baadaye injini hizo zilipatikana kwa bei ya kutupa katika yadi za vyuma chakavu. Kijana alichukua mkweche wa Ford wa miaka ya 1920, akang'oa madigadi, kioo cha mbele na chochote kilichoongeza uzito, akapachika V8 na kabureta za ziada, akaondoka na vumbi. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuwa SCTA, chama cha kusimamia upimaji wa mwendo, kwa sababu watu walikuwa wakigongana ndani ya vumbi hilo na kufa.

Baada ya vita vya pili vya dunia vijana walirudi kutoka jeshini wakiwa na mishahara mfukoni na ufundi mikononi, na safari hii walikimbizana hadi katika mitaa ya miji. Magazeti yakapiga kelele, wanasiasa wakadai magari hayo yapigwe marufuku kabisa. Januari 1948 SCTA ikafanya jambo la akili: ikakodi jumba la jeshi jijini Los Angeles na kuyaonyesha magari yale kwa raia. Yalikuwa yamepigwa rangi, yamesafishwa, na wenyewe wamesimama pembeni kwa adabu, tayari kujibu maswali. Nje ya jumba kijana aitwaye Robert Petersen na mwenzake waliuza toleo la kwanza la gazeti la Hot Rod kwa senti 25. Wally Parks, aliyekuja kuwa mhariri wa gazeti hilo, ndiye aliyeanzisha chama cha NHRA mwaka 1951 ili kuyatoa mashindano mitaani na kuyapeleka kwenye viwanja maalumu.

Ukiulizwa maonyesho ya magari yaliyorekebishwa yalianza kwa nini, jibu liko katika jumba hilo. Yalikuwa utetezi. Gari liliegeshwa, likazimwa injini, likang'arishwa, ili mama mwenye nyumba aone kwamba aliyelitengeneza ni fundi, hana uhuni wowote. Miaka miwili baadaye mjini Oakland yakaanza maonyesho yenye kikombe kirefu kuliko mtu, karibu mita 2.7. Mshindi wa kwanza alikuwa Bill NieKamp na Ford yake ya 1929. Detroit ikafuata na Autorama yake mwaka 1953. Rangi na umbo vikaanza kushinda mwendo. Ndugu wawili, George na Sam Barris, waliichukua Mercury ya 1951 ya mteja wao Bob Hirohata, wakakata nguzo za paa na kulishusha paa lenyewe, zaidi nyuma kuliko mbele, hadi gari likawa kama limeinama kunywa maji. Mwishoni mwa muongo huohuo gari hilo liliuzwa kwa dola 500. Mwaka 2022 lilipigwa mnada likapata takriban dola milioni 2.

Huko Detroit, barabara ya Woodward ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1909 ilimwagwa saruji kwa urefu wa maili moja, mojawapo ya vipande vya mwanzo kabisa vya aina hiyo katika barabara kuu za Marekani. Ni pana, imenyooka, na imepakana na mitaa ambamo wahandisi wa viwanda vya magari walikuwa wakiishi. Miaka ya 1950 na 1960 vijana walipiga misele hapo kila wikendi: kutoka mgahawa mmoja wa kuhudumiwa ndani ya gari hadi mwingine, kugeuza, kurudi, kuangaliana, na taa ya kijani ikiwaka kukanyaga mafuta hadi taa inayofuata. Wahandisi nao walikuja usiku na magari ambayo hayajaingia sokoni. Kwa modeli zake za 1964 Pontiac, tawi la General Motors ambako John DeLorean alikuwa mhandisi mkuu, ilitaka kuweka injini ya lita 6.4 katika gari la ukubwa wa kati ilhali kanuni za General Motors zilikataza injini kubwa kiasi hicho. Wakaipitisha kama nyongeza ya hiari, mteja akitaka aagize. Hiyo ndiyo GTO, na wauzaji wa Royal Pontiac pale Royal Oak, mji ulio kando ya Woodward, walikuwa wakiikaza zaidi kabla ya kukabidhi ufunguo.

Misele ile haikuuawa na kitu kimoja. Bima ya magari yenye nguvu ilipanda, sheria za moshi zikaja, na mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba la mafuta. Mwaka huohuo George Lucas alitoa filamu ya American Graffiti, juu ya usiku mmoja wa mwaka 1962 huko Modesto, California, mji aliokulia. Watu walianza kuililia misele hata kabla haijazikwa. Polisi wa miji mingi nao walibandika vibao: kupita mbele ya sehemu moja zaidi ya mara kadhaa ndani ya saa zilizowekwa ni kosa. Hebu fikiria sheria hiyo. Dereva hajazidisha mwendo, hajalewa, leseni anayo. Kosa lake ni kurudi alikopita.

Mwaka 1995 fundi bomba mmoja wa Ferndale, kitongoji cha Detroit, Nelson House, alitafuta njia ya kuchangisha fedha za uwanja wa soka wa watoto. Akapendekeza siku moja ya kuirudisha misele ya Woodward. Walikuja watu 250,000, karibu mara kumi ya waliotarajiwa. Woodward Dream Cruise sasa hufanyika kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, kutoka Ferndale hadi mji wa Pontiac, na waandaaji hutaja watu milioni moja na magari elfu 40. Mwendo ni wa foleni ya maziko. Wanaoendesha ni walewale, au wadogo zao, waliokuwa wakiandikiwa faini kwenye taa zilezile. Polisi wanaowapungia mkono leo hawakuwa wamezaliwa enzi hizo. Jioni kama hizo, kwa kipimo kidogo, utazikuta kila kona ya Marekani katika miezi ya joto. Huko Burbank, kwenye mgahawa wa Bob's Big Boy uliojengwa mwaka 1949, magari hujaa maegeshoni kila Ijumaa. Boneti ziko juu, mwenye gari ana kitambaa mfuko wa nyuma, na swali la kwanza la mgeni ni lilelile: injini ni ya kwake ya asili? Hapo ndipo mazungumzo huanza, na huchukua muda. Kwangu maegesho hayo yana thamani kuliko nyasi zote za Pebble Beach.

Lakini si kila aliyepiga misele alisamehewa mapema. Waamerika wenye asili ya Meksiko wa mashariki mwa Los Angeles walikuwa na mtindo wao: wenzao walikimbia, wao walikwenda polepole, gari likiwa chini karibu kugusa lami. Walianza kwa mifuko ya mchanga kwenye buti na springi zilizokatwa. California ikatunga kifungu kilichoanza kutumika Januari 1958: sehemu yoyote ya bodi isishuke chini ya ukingo wa rimu. Jibu lilitoka kwa kijana aitwaye Ron Aguirre, aliyechoka kuandikiwa faini. Mwaka 1959 aliifungia Corvette yake pampu za haidroliki kutoka kwenye mabaki ya ndege za kivita. Ufundi wenyewe ni huu: pampu inayoendeshwa kwa betri husukuma mafuta kwenye silinda iliyokaa juu ya springi, ukibonyeza swichi gari hupanda, ukifungua valvu mafuta hurudi kwenye tangi na gari hukaa chini. Akionekana askari, gari liko juu kisheria. Askari akipita, linashuka taratibu. Baadaye mafundi waliongeza betri kwenye buti, sita, nane, hata zaidi, na gari likaanza kurukaruka, ila hapo mwanzo shida ilikuwa polisi tu.

Gari walilolipenda kuliko yote ni Chevrolet Impala ya 1958 hadi 1964, yenye chasisi ya umbo la X ambayo huacha nafasi pembeni. Maarufu kupita zote ni ya 1964 ya Jesse Valadez wa klabu ya Imperials, iitwayo Gypsy Rose: ya waridi, bodi nzima imechorwa maua kwa makumi, ndani mahameli ya waridi na taa ya vioo vya kuning'inia. Ilikuja baada ya nyingine ya 1963, iliyovunjwavunjwa na mahasimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 polisi walifunga misele ya Whittier Boulevard, barabara iliyokuwa nyumbani kwa gari hilo, na katika miaka ya 1980 bunge la jimbo liliipa miji mamlaka ya kupiga marufuku misele yote. Mwaka 2017 Gypsy Rose iliwekwa ndani ya sanduku la kioo katikati ya Washington, ikiandikwa kwenye rejesta ya magari ya kihistoria ya taifa. Wakati huohuo, huko kwao California, kuiendesha mara tatu kwenye barabara ileile kungeweza bado kumletea mwenyewe faini. Marufuku ya misele na ya magari ya chini yalifutwa na sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024.

Afrika Mashariki iliingia kwa mlango mwingine. Hapa gari halikuhitaji kutafutiwa mahali pa kuonyesha nguvu. Barabara yenyewe ilitosha. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na mwaka 1963 kati ya magari 84 yaliyoanza ni 7 tu yaliyomaliza, la kwanza likiwa Peugeot 404. Gari lililoshinda Safari liliuzika, na ndiyo maana wengi wetu tulikulia viti vya nyuma vya Peugeot. Mwaka 1970 klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo ilianzisha Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari, jijini Nairobi, ambayo hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong mwishoni mwa Septemba, magari na pikipiki pamoja, wengine wakivuka mpaka kutoka Uganda. Majaji hawaridhiki na rangi ya nje. Hufungua buti, hukagua injini, huchungulia chini ya gari mahali ambapo matope ya safari hujificha. Na tangu 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya kikale, ambako yaleyale huchafuliwa upya.

Swali linalobaki ni magari gani yatakuja Ngong miaka ijayo. Sheria ya Marekani haimruhusu mtu kuingiza gari lisilokidhi viwango vyao mpaka litimize miaka 25. Ndiyo maana Nissan Skyline GT-R ya 1989 ilianza kuingia kule mwaka 2014, nayo tayari inaegeshwa pamoja na GTO. Kenya inataka kinyume chake: gari la mtumba lisizidi miaka 8. Hivyo magari ya kale ya Nairobi yatakuwa yale yaliyokwisha kufika, na mengi kati yake ni Corolla za miaka ya 1990 ambazo asubuhi hii zimebeba viazi, na bado hakuna aliyefikiria kuzifunika turubai.